Intaneti ya simu inakokota hapa Tanga? Pitia uzi huu kabla hujanunua simu nyingine

MtotoWaMabawa, Jumamosi saa 1:20 usiku

Habari za jioni wakuu, na hasa ndugu zangu wa Tanga, kuanzia Chongoleani mpaka Tongoni.

Uzi huu umetokana na shangazi yangu wa Pongwe. Miezi miwili iliyopita alinipigia akilalamika kwamba simu yake imekufa upande wa intaneti. Picha ya mjukuu inazunguka dakika tatu ndipo ifunguke, ujumbe wa sauti wa WhatsApp hauingii mpaka atoke uani. Akaenda mjini, muuzaji mmoja akaigeuzageuza ile simu na kumwambia imechoka, anunue nyingine. Shangazi akauza mbuzi wawili, akaongezea hela ya mchezo wa kina mama, akanunua simu janja mpya. Akaweka laini yake ileile. Intaneti ikawa ileile.

Nilipokwenda kumsalimia nikaishika hiyo simu mpya. Juu kabisa ya skrini, pembeni ya vijiti vya mtandao, kulikuwa na herufi E. Nikatoka nayo barazani, ikawa H. Nikarudi ndani, E. Nikaifungua, nikatoa laini. Maandishi yake yalishafutika, ilikatwa kwa mkasi ili iingie kwenye tundu dogo, na ukingo mmoja ulikuwa umepinda. Anayo tangu enzi za kiswaswadu. Laini za zamani namna hiyo hazikutengenezwa kwa ajili ya 4G. Hata uipachike kwenye simu ya milioni mbili, itaishia 3G. Tukaenda duka la mtandao wake na namba ya NIDA, akaweka kidole, akapewa laini mpya yenye namba yake ileile. Haikupita nusu saa, 4G ikawaka. Kisha tukaiweka laini hiyo kwenye simu yake ya zamani, ile iliyoambiwa imechoka. Ikawaka 4G vilevile.

Mbuzi wawili wameondoka kwa kikadi kidogo kuliko ukucha. Liliniuma sana, na najua shangazi si peke yake. Kwa hiyo naandika ninavyofanya mimi mtu akiniletea simu yenye tatizo hili, na mwenye ujuzi zaidi aongezee au anirekebishe.

Mimi huanza kwa kusoma hiyo alama ya juu. Watu wengi hutazama vijiti tu, herufi hawaitazami. E ni 2G. H na H+ ni 3G. Kisha 4G, au LTE kwenye baadhi ya simu. Tofauti yake si ndogo. Chukua picha moja ya MB 2. Kila MB moja ina megabiti nane, kwa hiyo picha hiyo ni megabiti 16. Ukiwa kwenye E unapata kama megabiti 0.1 kwa sekunde, na picha moja inakula sekunde 160, karibu dakika tatu. Ukiwa kwenye 4G ya kawaida tu, megabiti nne kwa sekunde, ni sekunde nne.

Sasa, kwa nini simu ya 4G ikae kwenye H? Sababu inayowapata wengi ni simu ya sauti. Kama simu yako, laini yako au mtandao wako haujawezesha kuongea kupitia 4G, basi kila ukipiga au kupigiwa, simu inashuka 3G au 2G ili uongee. Ukikata inatakiwa kupanda tena. Mara nyingine haipandi, inaganda hukohuko chini, na wewe unashinda siku nzima ukidhani mtandao ni mbovu. Dawa yake ni hali ya ndege: iwashe, hesabu mpaka thelathini, izime. Simu inajiandikisha upya mnarani. Ni kitu cha nusu dakika, na ndicho ninachokifanya kwanza nikishasoma alama.

Isipopanda, ingia kwenye mipangilio ya laini, tafuta aina ya mtandao inayopendelewa. Nimekuta simu nyingi zimewekwa 3G, ama na mwenyewe aliyeambiwa inatunza chaji, ama na fundi aliyemtengenezea. Rudisha 4G. Halafu tazama laini ya bando iko tundu gani. Kwenye simu nyingi za laini mbili za miaka ya nyuma, 4G inakwenda kwenye tundu moja tu, na la pili linabaki 2G. Mtu anaweka laini ya kupigia mbele, ya bando nyuma, halafu anateseka. Na kama simu yenyewe ni ya 3G, hakuna mpangilio utakaoigeuza kuwa 4G. Hapo ndipo kununua nyingine kuna maana.

Vijiti navyo vinadanganya. Vinakuonyesha jinsi simu inavyousikia mnara, havionyeshi kama mnara unaisikia simu. Mnara unarusha kwa makumi ya wati. Simu yako ya 4G, ikijitahidi mwisho wa nguvu zake, inarusha kama wati 0.2. Ndiyo maana unaweza kufungua video ya mtu vizuri kabisa, lakini picha yako ya kutuma imekwama. Kupandisha huanza kufa kabla ya kushusha. Paa la bati linarudisha mawimbi, na kuta nene za zile nyumba za enzi za Mjerumani zinayanyonya. Kabla hujalaumu chochote, sogea dirishani.

Halafu kuna saa. Mnara ni kama bomba la mtaa. Saa 2 mpaka saa 5 usiku kila mtu ameweka ndoo. Jaribu saa 11 alfajiri, palepale ulipokaa usiku. Alfajiri ikikimbia na usiku ikikokota, simu yako haina kosa.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote hakitaki programu yoyote. Tafuta jirani mwenye mtandao uleule na simu yenye 4G, kaeni kiti kimoja, kwa wakati mmoja. Laini yako iingie kwenye simu yake, yake iingie kwenye yako. Ukokotaji ukihama na laini, tatizo ni laini au kifurushi. Ukibaki kwenye simu yako, tatizo ni simu. Simu zote mbili zikikokota, ni mahali au ni mnara. Dakika kumi tu hizo, na shangazi angekuwa na mbuzi wake.

Mara chache tatizo liko mbali kabisa na Tanga. Wengi mnakumbuka Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na SEACOM zilipokatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Nchi nzima iliyumba. Kupiga simu kulikwenda, kutuma pesa kwa menyu ya nyota na reli kulikwenda, lakini tovuti hazifunguki. Siku ile kuna watu walifuta kila kitu kwenye simu zao. Ukiona mitandao yote imelala kwa pamoja, iache simu ipumzike.

Mwenye tatizo aandike hapa: alama anayoiona, mtaa, saa, na kama jirani naye inamkokota.

JiraniWaDuga, Jumamosi saa 1:52 usiku

Mkuu, kwenye tundu umenigusa. Nimetoa laini ya bando tundu la pili nikaiweka la kwanza sasa hivi, E imekuwa 4G. Simu hii ninayo mwaka wa nne. Mungu akulipe.

KijanaWaDonge, Jumamosi saa 2:05 usiku

Mbona mnajisumbua, kuna programu za kuongeza nguvu ya mtandao, unabonyeza kitufe kimoja tu inasafisha na kuongeza kasi. Mimi ninayo na naiona inafanya kazi.

MtotoWaMabawa, Jumamosi saa 2:17 usiku

KijanaWaDonge, hili sitaki lipite bila kujibiwa, maana linaumiza watu. Hakuna programu inayoweza kuongeza nguvu ya mawimbi. Antena ni ileile, mnara ni uleule. Nyingi ya programu hizo zinachofanya ni kukata na kuunganisha upya, kazi ambayo hali ya ndege inaifanya bure, halafu zinakushushia matangazo kwa MB zako mwenyewe. Itoe siku mbili uone kama utakosa chochote.

Na za VPN vilevile, zina kazi yake, lakini kila unachofungua kinazungushwa kwanza mpaka kwenye kompyuta ya nchi nyingine ndipo kikufikie. Kama iliwashwa ukaisahau, izime kabla ya kupima.

DadaWaMakorora, Jumamosi saa 2:40 usiku

Assalam aleikum. Kaka naomba unisaidie na mimi. Nauza magauni na kanga kwa WhatsApp, wateja wangu wako Muheza, Korogwe mpaka Lushoto. Mzigo ukiingia nawatumia picha usiku wakishatulia. Alama ni 4G, vijiti vyote. Kufungua vitu kunakwenda si haba, lakini kutuma picha ni mtihani. Kiduara kinazunguka mpaka mteja anaandika "dada umelala?" Jana nimetuma picha kumi kuanzia saa 2 mpaka karibu saa 4. Nimepoteza mteja wa sare za harusi kwa ajili hiyo, akachukua kwa mwingine. Na bando siku hizi linaisha kama maji kwenye pakacha. Simu haina hata mwaka.

PwaniMoja, Jumamosi saa 2:48 usiku

Dada huko Makorora watu wamejaa, mnara umezidiwa tu. Hama mtandao.

MtotoWaMabawa, Jumamosi saa 3:02 usiku

Waaleikum salaam dada. Pole kwa mteja. Nami kwa haraka nadhani kama PwaniMoja, saa zako ndizo zenye msongamano. Ila usihame mtandao kwa kudhani, wateja wako wote wanaijua namba hiyo. Kesho alfajiri ukiamka kuswali tuma picha mbili, tazama zinachukua muda gani. Halafu mchana fanya ile ya kubadilishana laini na jirani.

MvuviSahare, Jumamosi saa 3:30 usiku

Niongezee onyo moja. Kuna namba zinazunguka za kubonyeza, *#*#4636#*#*, kwenye simu nyingi za Android zinafungua ukurasa uliojificha, ukichagua mle "LTE only" simu inang'ang'ania 4G haishuki. Mimi niliifanya, intaneti ikawa safi sana. Siku mbili nzima matajiri wa samaki wananitafuta hawanipati. Kumbe simu yangu haiwezi kuongea kupitia 4G, na nimeizuia isishuke. Kila anayenipigia anaambiwa sipatikani. Nilikuwa na kolekole wa kilo nyingi kwenye barafu, nikawauza kwa bei ya hasara pale soko la samaki la Deep Sea. Kama simu ndiyo ofisi yako, usiweke hivyo ukasahau.

MtotoWaMabawa, Jumamosi saa 3:41 usiku

Ahsante sana Mvuvi. Hilo nilipaswa kuliandika juu. Atakayeijaribu, apigiwe na mtu papo hapo aone kama simu inaita. Isipoita, arudishe ilivyokuwa.

MwalimuMlimani, Jumapili saa 4:10 asubuhi

Mimi nipo upande wa Amani, milima na msitu. Huku suala la msongamano hatulijui, tatizo letu ni mawimbi yenyewe, mlima unayakinga. Nataka niwape njia ya kupima kwa namba badala ya vijiti. Kwenye Android ingia Mipangilio, Kuhusu simu, hali ya SIM, kuna sehemu ya nguvu ya mawimbi, inaandikwa dBm na alama ya kutoa. Kadiri namba inavyokuwa karibu na sifuri ndivyo mawimbi yalivyo na nguvu. Kwenye 4G, -80 ni raha, -100 inavumilika, ukifika -115 unaanza kuomba dua.

Nilizunguka nyumba yangu na daftari. Kitandani -117. Mezani sebuleni -112. Kwenye dirisha la jikoni, lile linalotazama bondeni, -101. Kwa mahesabu ya kipimo hiki kila tofauti ya 10 ni mara kumi, kwa hiyo kati ya kitanda na dirisha ni karibu mara arobaini ya nguvu, ndani ya nyumba moja! Siku hizi simu moja naining'iniza dirishani kwenye kikapu kidogo, inatoa hotspoti, na ninayoitumia inakaa nami sebuleni. Wanafunzi wa kidato cha nne wanakuja jioni kuangalia masomo ya video. YouTube ya 480p inataka kama megabiti 1.1 kwa sekunde tu, na dirisha lile linaitoa.

Simu ya dirishani inapata joto ikiwa juani na kuchaji kwa pamoja, na simu ikishika joto hujipunguza kasi yenyewe. Kwa hiyo jua likija upande wa jikoni naiondoa.

MtotoWaMabawa, Jumapili saa 5:00 asubuhi

Mwalimu, hii ni hazina. Sikuwahi kufikiria kuzunguka nyumba na daftari. Nimepima kwangu Mabawa sasa hivi, mlangoni -88, chumba cha nyuma chini ya bati -106. Kumbe ndiyo sababu mdogo wangu analalamika na mimi namwona mkorofi. Leo nahamisha meza yake ya kusomea.

HorohoroBoda, Jumapili saa 7:15 mchana

Sisi wa mpakani tuna letu. Vijiti vimejaa, intaneti hakuna kabisa, au ipo lakini salio linayeyuka. Sababu yake simu imedaka mnara wa Kenya maana ndio unaosikika zaidi. Msitegemee ichague yenyewe. Nenda mipangilio ya mtandao wa simu, zima ile ya kuchagua mtandao kiotomatiki, subiri ikuletee orodha, chagua wa kwako wa Tanzania kwa mkono. Na data ya nje ya nchi iwe imezimwa muda wote. Ukiondoka kwenda Tanga mjini rudisha kiotomatiki.

DadaWaMakorora, Jumapili saa 8:30 mchana

Kaka nimerudi. Nimefanya kama ulivyosema. Alfajiri saa 11 kasoro nimetuma picha mbili kwa mdogo wangu, moja dakika nne, nyingine nikachoka nikaiacha. Kwa hiyo hata alfajiri ni hivyohivyo. Baada ya adhuhuri nimekwenda kwa mama wa jirani, mtandao mmoja na mimi. Laini yangu kwenye simu yake: picha imekwenda kabla sijainua kidole. Laini yake kwenye simu yangu: inazunguka. Tumerudia mara mbili tukiwa tumekaa mkeka mmoja.

MtotoWaMabawa, Jumapili saa 8:44 mchana

Basi PwaniMoja na mimi tulikosea, na mnara wa Makorora tuuombe radhi. Tatizo liko ndani ya simu yako dada, na ni kupandisha tu ndiko kunakosumbua. Maana yake kuna kitu kingine mle ndani kinapandisha muda wote, na picha zako za WhatsApp zinapanga foleni nyuma yake. Ingia Mipangilio, matumizi ya data, angalia orodha ya programu kuanzia iliyokula nyingi. Nitajie tatu za juu.

DadaWaMakorora, Jumapili saa 9:05 alasiri

Ya kwanza Picha kwenye Google, GB 11.4. Ya pili WhatsApp GB 3. Ya tatu YouTube. Hiyo ya kwanza mimi siifungui kabisa, nafungua picha zangu kwenye ghala la kawaida la simu.

MtotoWaMabawa, Jumapili saa 9:12 alasiri

Huyo ndiye. Kwa siku unapiga picha ngapi za mzigo?

DadaWaMakorora, Jumapili saa 9:15 alasiri

Siku mzigo ukiingia hata 80, na vivideo vya kuonyesha kitambaa kinavyoanguka. Moja moja nachagua nzuri, nyingine nafuta baadaye.

MtotoWaMabawa, Jumapili saa 9:31 alasiri

Nisikilize vizuri, hili litawafaa wafanyabiashara wote humu. Simu ilipowashwa mara ya kwanza, mtu aliyekuwekea akaunti alikubali picha zihifadhiwe nakala kwa Google, na akaruhusu itumie data ya simu. Kwa hiyo kila picha unayopiga, nzuri na mbaya, inapandishwa nzimanzima. Picha 80 za MB 4 ni MB 320. Weka na video. Kazi hiyo haiishi siku moja, inavuka usiku mpaka alfajiri, ndiyo maana hata saa 11 ulikuta njia imejaa. Na ndilo lililokuwa linakumalizia bando.

Fungua hiyo programu, bonyeza picha yako ya akaunti juu kulia, ingia mipangilio ya kuhifadhi nakala, tafuta matumizi ya data ya simu, uchague isitumie kabisa. Usiizime nakala yenyewe, maana simu ikiibiwa utazihitaji picha hizo. Iache isubiri siku ukipata Wi-Fi. Kisha tuma picha moja ya gauni, utuambie.

DadaWaMakorora, Jumapili saa 10:02 jioni

Kaka. Nimetuma sita kwa mpigo. Zimekwenda zote wakati nakunywa maji.

PwaniMoja, Jumapili saa 10:20 jioni

Nimekubali, nilisema bila kuuliza. Nimeangalia na yangu, ipo hivyohivyo, GB 6 kwa mwezi. Nimezima.

KijanaWaDonge, Jumapili saa 1:10 usiku

Nimeitoa ile programu. Mtandao umebaki vilevile, matangazo ndiyo yamepungua. Swali: kwenye Play Store nako si ni hivyohivyo, programu zinajisasisha zenyewe? Na kipimo cha kasi mnakiamini?

MtotoWaMabawa, Jumapili saa 1:38 usiku

Ndiyo, Play Store iweke isasishe kwa Wi-Fi tu. WhatsApp nayo ingia hifadhi na data, toa alama kwenye kupakua video zenyewe, ukiwa na makundi ya harusi na misiba utaona tofauti kesho yake. Kuna pia Kiokoa Data kwenye Android, kikiwashwa kinazuia programu usizozifungua zisitumie data kwa nyuma.

Vipimo vya kasi ni vya kweli lakini vina gharama, kwenye 4G nzuri kipimo kimoja kinaweza kula makumi ya MB. Pima mara mbili, usiku na alfajiri, inatosha. Na wenye vifurushi vinavyoitwa havina kikomo, someni ule ujumbe mliotumiwa mlipojiunga. Baadhi vina kiwango, ukikivuka kasi inashushwa makusudi mpaka muda uishe. Hapo utahangaika na simu bure.

BabaWawili_Msambweni, Jumapili saa 2:15 usiku

Mimi nimefanya yote, na ya jirani pia. Wote wa mtandao wetu hapa mtaani inakokota kuanzia magharibi, wa mitandao mingine hawana shida. Alfajiri inakimbia. Nimepiga huduma kwa wateja mara tatu, wananiambia nizime simu na kuwasha. Nimechoka kuonekana sijui ninachokisema.

MtotoWaMabawa, Jumapili saa 2:40 usiku

Kaka yangu, hasira yako ni halali. Wewe umelipia, na tatizo ni lao. Lakini "mtandao unasumbua" ni rahisi kuufunga kwa jibu la zima na washa. Piga 100 uwape vitu hivi kwa mfululizo: mtaa na alama ya karibu kama msikiti au shule, saa inapoanza na inapoisha, alama iliyopo juu ya skrini, namba ya dBm ile ya Mwalimu, kasi uliyopima usiku na uliyopima alfajiri, na namba za simu za majirani wawili au watatu waliokubali kutajwa. Omba namba ya lalamiko, iandike na tarehe. Kila mmoja wenu apige kivyake, malalamiko matano ya mtaa mmoja hayafanani na moja. Wasipokushughulikia, hapo unapeleka TCRA, mamlaka inayosimamia mawasiliano nchini, na huko watataka kuona kwanza kwamba ulianzia kwa mtoa huduma. Ile namba ya lalamiko ndiyo ushahidi wako.

BabaWawili_Msambweni, Jumapili saa 2:52 usiku

Nimekuelewa. Tupo watu saba kijiweni hapa, nimeshawasomea.

MamaSalimu_Pongwe, Jumatatu saa 3:20 asubuhi

Na mimi laini yangu ni ya zamani kama ya shangazi yako. Naogopa kubadilisha, nimesikia watu wanaibiwa hela za kwenye simu kwa njia hiyo.

MtotoWaMabawa, Jumatatu saa 3:45 asubuhi

Shikamoo mama. Uoga wako una sababu. Nenda mwenyewe dukani kwa mtandao wako, usimtume mtu, na usikubali anayekupigia akisema atakubadilishia kwa simu. Wao watataka namba yako ya NIDA na kidole chako. Namba ya siri ya pesa hawana kazi nayo, usimpe yeyote hata akiwa amevaa sare. Kabla hujakwenda, majina yaliyohifadhiwa kwenye laini yahamishie kwenye simu, maana laini mpya inakuja tupu. Ukimaliza bonyeza *106# uone ni namba zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiikuta usiyoijua, waambie haohao kabla hujatoka dukani.

Jumatano nitakuwa Pongwe kwa shangazi. Ukipenda tukutane hapo tuongozane mjini.

MamaSalimu_Pongwe, Jumatatu saa 4:02 asubuhi

Marahaba mwanangu. Jumatano nitakuwepo, na laini ya baba yake Salimu nitakuja nayo uitazame.

DadaWaMakorora, Ijumaa saa 3:10 usiku

Narudisha majibu. Leo mzigo wa vitenge umeingia, nimetuma picha 22 kwa wateja tisa kuanzia saa 2 usiku, saa hiyohiyo mliyosema ya ndoo. Haijafika robo saa zimekwenda zote. Bando la wiki nililojiunga Jumapili bado lina GB 2, wiki zilizopita Jumatano halipo. Na yule wa sare za harusi nimemtumia rangi mpya, ameniuliza bei.